Kujitolea kujenga nyumba na Habitat for Humanity: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, Wakenya, Waganda. Wengi wetu tunapita kila wiki mbele ya viwanja ambako watu wasiolipwa hata senti wanamjengea jirani nyumba, na tunajiuliza kama tunaruhusiwa kuingia. Mnaruhusiwa, na mnahitajika. Maswali yaliyomo humu ndiyo tunayoulizwa kanisani, msikitini, misibani na kwenye vikundi vya WhatsApp. Kila tawi la Habitat lina taratibu zake, kwa hiyo tukikwambia "uliza tawi lako", uliza kweli, usikisie.

Habitat for Humanity ni nini, na ilianzaje?

Ni shirika la Kikristo lisilo la faida, linalojenga na kukarabati nyumba za gharama nafuu kwa kushirikiana na familia zitakazoishi humo. Mizizi yake ni Koinonia, shamba lililo karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia, lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan na wenzake. Pale weusi na weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja wakati ubaguzi ulikuwa sheria ya majimbo ya Kusini. Walilipia msimamo huo: maduka yaliwasusia, na usiku walimiminiwa risasi. Mwaka 1968 Jordan na Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa amegawa utajiri wake, walianzisha palepale mpango wa kuzijengea familia maskini za mashambani nyumba bila kutafuta faida na bila riba.

Hatua iliyofuata inatugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 1973 Millard na mkewe Linda walihamia Mbandaka, kando ya Mto Kongo, nchi ikiitwa Zaire, wakaufanyia kazi mpango huo pamoja na wenyeji kwa miaka mitatu. Ni baada ya kurudi Georgia, mwaka 1976, ndipo Habitat for Humanity ilipoundwa. Wakongo wanaosita kwa kudhani kwamba mambo haya ni ya wenyeji wa hapa tu wajue kwamba Mbandaka ilitangulia.

Si ni shirika la Rais Jimmy Carter?

Hapana, ingawa ndiye aliyelifanya lijulikane. Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, na mkewe Rosalynn walikuwa majirani tu, wenyeji wa Plains, mji mdogo jirani na Americus. Mwaka 1984 walipanda basi pamoja na watu wengine wa kujitolea hadi New York kukarabati jengo bovu la ghorofa upande wa Lower East Side, na tangu hapo wakawa wanatenga wiki moja karibu kila mwaka. Nyumba walizoshiriki kuzijenga na kuzikarabati zilipita 4,300, katika nchi 14. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, Carter alianguka nyumbani kwake akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na kesho yake alikuwa Nashville amevaa vifaa vya kazi, jicho limevimba na kuwa jeusi. Rosalynn alifariki Novemba 2023, naye Carter akafariki Desemba 2024.

Nyumba zinatolewa bure?

Hapana. Tunaomba swali hili ulielewe vizuri kuliko mengine yote, kwa sababu linaamua utamtazamaje mwenye nyumba utakapofanya kazi naye bega kwa bega.

Familia inanunua nyumba. Inasaini mkopo, inalipa kila mwezi kwa miaka mingi, inalipa kodi ya majengo na bima kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Kinachofanya nyumba hiyo iwe nafuu ni mambo kadhaa yanayokwenda pamoja. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu wasiodai ujira. Baadhi ya vifaa hutolewa au huuzwa kwa bei ya chini. Hakuna anayetia faida mfukoni. Mkopo wenyewe hupangwa ili malipo ya mwezi yasizidi takriban asilimia 30 ya kipato cha familia. Marejesho yanasaidia kujenga nyumba nyingine, kwa hiyo anayelipa leo anamjengea mwenzake anayefuata.

Juu ya hayo, kabla ya kukabidhiwa funguo, familia inatakiwa itimize saa za jasho: mamia ya saa za kazi kwenye nyumba yake mwenyewe, kwenye nyumba za wengine, dukani au ofisini kwa shirika, pamoja na madarasa ya kusimamia fedha na kutunza nyumba. Idadi inatofautiana, matawi mengine yanadai saa 200, mengine 500. Hebu mfikirie mama anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani, analala saa chache, kisha Jumamosi saa mbili asubuhi yuko kiwanjani ameshika nyundo, na hivyo kwa miezi. Huyo hapewi sadaka. Tunasisitiza kwa sababu tumewahi kuwasikia watu wakizungumza mbele ya mwenye nyumba kana kwamba wanamfadhili, na inaumiza.

Familia zinachaguliwaje?

Kwa vigezo vitatu. Kwanza uhitaji: wanaishi kwenye nyumba iliyobanana, mbovu, isiyo salama, au kodi inawala mshahara. Pili uwezo wa kulipa: kipato kiwepo na kiwe cha kutegemewa, ingawa kiwe cha chini, kwa kawaida kisizidi asilimia 60 au 80 ya kipato cha kati cha eneo husika. Tatu utayari wa kushirikiana, yaani zile saa za jasho. Sheria za Marekani za makazi na mikopo haziruhusu kumbagua mwombaji kwa rangi, dini au nchi aliyotoka. Matawi mengi hata hivyo yanamtaka mwombaji awe raia au mwenye ukaaji wa kudumu, kwa hiyo aliyefika juzi kama mkimbizi aanze kwa kuuliza ni karatasi gani zitatakiwa, huku akijenga rekodi yake ya kulipa madeni.

Kujitolea hakukupi nafasi ya mbele kwenye foleni ya waombaji. Kunakupa kitu kingine: utaijua kazi, utawajua watu, na ukija kuomba utakuwa unajua unaomba nini.

Wazazi wangu wanauliza: hii ni kama salongo?

Wazazi waliokulia Zaire ya Mobutu wanaikumbuka salongo, kazi ya lazima ambayo asiyetokea alitafutwa, na tunaelewa kwa nini neno "kujitolea" linawatia mashaka. Waambie hapa hakuna balozi wa nyumba kumi wala mwenyekiti anayeandika majina ya watoro. Usipokuja, hujavunja chochote. Ukichoka saa sita mchana, mwambie msimamizi, shukuru, ondoka. Kilicho karibu zaidi na jambo hili ni ule msaragambo wa Upare, Tanzania, au harambee ya kijiji kabla siasa hazijaiingilia: mtu anajenga, majirani wanakuja, chakula kinapikwa.

Sijawahi kushika nyundo. Nitasaidia nini?

Wengi wanaofika kwa mara ya kwanza hawajawahi kuishika, Wamarekani wakiwemo. Kila kiwanja kina msimamizi anayelipwa na shirika au mzoefu wa miaka mingi, na asubuhi hutenga muda wa kuonyesha kazi ya siku hiyo kuanzia mwanzo.

Ukibahatika kufika siku ya kusimamisha kuta, utaelewa haraka. Ukuta hutengenezwa ukiwa umelazwa sakafuni: mbao za inchi mbili kwa nne zinapangwa kama ngazi pana, zinapigwa misumari juu na chini, nafasi za madirisha zinaachwa. Kisha watu wanane au kumi wanajipanga upande mmoja, kila mmoja anainama kwa magoti, msimamizi anahesabu mpaka tatu, na ukuta mzima unanyanyuka kwa pamoja mpaka unasimama. Hapo hakuna anayeruhusiwa kuachia. Mmoja anaweka pima maji, mwingine anausukuma kidogo kushoto, wa tatu anagongomea mbao za kuushikilia. Kiwanja kilichokuwa sakafu tupu asubuhi, ifikapo jioni kina vyumba unavyoweza kutembea ndani yake, na mwenye nyumba huanza kuonyesha watoto: hapa jikoni, hapa mtalala ninyi.

Siku nyingine ni za kupaka rangi, kufunga vibao vya ukuta wa nje, kupiga vigae vya lami juu ya paa, kujaza kuta kwa pamba ya kioo inayozuia baridi, kupanda majani uani. Kuna kazi ya kila mikono. Umeme na mabomba, katika sehemu nyingi, hufanywa na mafundi wenye leseni, kwa hiyo usiguse waya hata kama unajua.

Mimi ni fundi niliyebobea huko nyumbani. Wataniheshimu?

Watakuhitaji sana, na baada ya siku mbili tatu mara nyingi watakupa kundi ulisimamie. Lakini ndugu yangu fundi, njoo na subira. Nyumba za huku nyingi ni za mbao, si za matofali na zege, na mafundi wetu huingiwa na mashaka wakiziona: mbona nyembamba, mbona imepigwa misumari tu? Nyumba hizi zina hesabu yake. Mbao za wima zinapangwa kila inchi 16, zikipimwa kutoka katikati ya mbao mpaka katikati ya inayofuata. Sababu ni kwamba shiti la jipsamu, lile la kufunikia ukuta kwa ndani, lina upana wa futi nne, yaani inchi 48, na mara tatu ya 16 ni 48, hivyo ukingo wa shiti unaangukia katikati kabisa ya mbao na unapata mahali pa kupigiliwa. Ukisogeza mbao moja kwa inchi moja kwa sababu jicho limekuambia hivyo, atakayekuja kufunga jipsamu wiki ijayo atakuta ukingo unaning'inia hewani, na itabidi ang'oe.

La pili ni ukaguzi. Kabla kuta hazijafunikwa, mkaguzi wa mji anakuja kuangalia fremu, nyaya na mabomba, na asiporidhika kazi inasimama. Kwetu fundi mzuri ni yule anayejua kupata suluhisho papo hapo. Hapa suluhisho lako lazima liwe kwenye mchoro. Hilo halikushushi hadhi. Ni ulinzi wa familia itakayolala humo miaka 30.

Unachokuja nacho ambacho hakifundishwi kwa asubuhi moja ni mkono wako. Seremala mzee akishika msumeno, vijana wote wanaacha wanachofanya na kutazama.

Kiingereza changu ni kidogo.

Njoo. Kazi nyingi zinaonyeshwa kwa vitendo. Jambo moja tu ni la lazima: uelewe maonyo ya usalama. Kama hujiamini, njoo na mtu wa kukutafsiria au uje na kikundi, na mwambie msimamizi mapema ili akuweke karibu naye. Usiitikie "yes" kama hujaelewa, hasa penye msumeno wa umeme au ngazi. Tabia yetu ya kukubali ili tusimsumbue mwenyeji ni nzuri sebuleni, lakini kiwanjani ni hatari.

Mengine utayaokota. Wapo waliojifunza Kiingereza kingi zaidi juu ya paa kuliko darasani, kwa sababu hapo neno na kitu viko mkononi kwa pamoja.

Watoto wanaruhusiwa?

Kwenye ujenzi wenyewe, umri wa chini kwa kawaida ni miaka 16. Walio na miaka 16 na 17 hawapandi paa, hawashiki misumeno ya umeme, hawabomoi. Wadogo zaidi wanaweza kuandaa chakula cha mchana kwa wajenzi, kuchora kadi za kuikaribisha familia, au kufanya kazi nyingine ambazo tawi limezipanga. Usimlete mtoto wa miaka kumi ukitumaini watamfumbia macho. Hawatamfumbia macho, na mtalazimika kurudi nyumbani nyote wawili.

Nivae nini?

Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ngumu. Ndala na viatu vya wazi vitakurudisha mlangoni. Suruali ndefu, nguo usizozionea huruma zikidondokewa rangi, na tabaka mbili tatu za nguo kama ni baridi, maana ndani ya nyumba isiyo na madirisha upepo unakata. Kofia ngumu, miwani ya kukinga macho na glovu hutolewa kiwanjani. Njoo na maji.

Akina mama wanatuuliza sana kuhusu mavazi ya stara. Hijabu haikuzuii kufanya kazi: ivae, ila uichomeke ndani ya shati isining'inie, na chagua ya kitambaa chepesi kinachokaa vizuri chini ya kofia ngumu. Buibui, dera na sketi ndefu ni hatari kwenye ngazi na karibu na mashine zinazozunguka. Vaa suruali pana na kanzu fupi inayofika magotini. Khanga ya kiunoni iache kwenye gari. Na ukipangiwa kazi ambayo mavazi yako hayaifai, sema. Kupaka rangi ndani ni kazi kamili kama kupanda paa.

Mimi ni Mwislamu. Si kazi ya kanisa hii?

Shirika ni la Kikristo na halifichi. Asubuhi, baadhi ya matawi huanza kwa sala fupi au neno la kutia moyo. Unaweza kusimama kimya, au ukasogea pembeni, hakuna atakayekuuliza. Sera ya Habitat inakataza kumhubiria mtu kama sharti la kusaidiwa au la kujitolea, na familia za dini zote na zisizo na dini hupata nyumba. Katika miji mbalimbali misikiti, makanisa na masinagogi hujenga nyumba moja kwa pamoja.

Lipo jambo ambalo Waislamu wengi hawalijui na tunatamani lisikike. Fuller na Jordan walikataa riba kwa msingi wa Biblia: kitabu cha Kutoka kinakataza kumtoza maskini riba. Ndiyo maana mikopo ya Habitat tangu mwanzo ilikuwa bila riba, na matawi mengi yanaendelea hivyo. Kwa familia ya Kiislamu iliyokaa nyumba ya kupanga miaka yote kwa kuogopa riba ya benki, hili ni jambo zito. Lakini siku hizi matawi mengine hupitisha mikopo kwa benki au taasisi nyingine na riba ndogo huingia. Kama unaomba nyumba, au unamshauri ndugu anayeomba, ulizeni swali hilo kabla ya saini yoyote, na mpate jibu kwa maandishi.

Wakati wa Ramadhani, hasa kukiwa na joto, omba kazi za kivulini na zamu ya asubuhi tu. Msimamizi akijua umefunga atakupangia vizuri.

Wanawake wanafanya kazi zilezile?

Zilezile. Mwaka 1991 mjini Charlotte, North Carolina, wanawake walijenga nyumba nzima wenyewe, na kutokana na mwanzo huo ukazaliwa mpango wa Women Build ambao matawi mengi huufanya kila mwaka. Kama mumeo au mama mkwe ana wasiwasi na wewe kuchanganyika na wanaume kiwanjani, siku hizo ni mwanzo mzuri.

Nikiumia je?

Kabla ya kuanza utasaini fomu inayosema unajua kazi ya ujenzi ina hatari na unaikubali. Isome, au itafsiriwe, kabla ya kusaini. Uliza tawi bima yao inagharamia nini, maana inatofautiana, na usiache kuuliza kwa kuona haya. Ukijikata, hata kidogo, mwambie msimamizi hapohapo; kuna sanduku la huduma ya kwanza na kuna fomu ya kujaza. Wetu wengi hufunga kidonda kwa kitambaa na kuendelea kimyakimya. Msifanye hivyo.

Watu wa kujitolea hawawanyimi mafundi kazi?

Swali zuri, na anayeuliza mara nyingi ni fundi mwenyewe. Maoni yetu ni haya. Nyumba ya Habitat isingejengwa na mkandarasi wa kawaida kwa familia hiyo, kwa sababu familia hiyo isingeweza kulipa bei yake na yeye asingeweza kushusha bei hiyo akabaki na biashara. Kwa hiyo hakuna kibarua kilichoporwa. Kuna nyumba ambayo ama ingejengwa hivi ama isingejengwa kabisa. Na bado msingi, umeme, mabomba na mfumo wa joto mara nyingi huenda kwa mafundi wanaolipwa.

Lakini hoja ina uzito mahali pengine. Kikundi kikisafiri kwa ndege kwenda nchi maskini kubeba matofali ambayo vijana wa kijiji wangelipwa kuyabeba, hapo inafaa kuuliza kwa nini nauli zile hazikulipa mafundi wa palepale. Vikundi vizuri huwaweka mafundi wenyeji kuwa wakuu wa kazi, na wageni wanakuwa wasaidizi wao. Ukialikwa kwenye safari kama hiyo, uliza nani atakuwa msimamizi wa kiwanja na nani analipwa.

Saa zangu zinaweza kuhesabiwa kwa familia ninayoifahamu?

Katika matawi mengi ndiyo, sehemu ya saa za jasho inaweza kutimizwa na ndugu, marafiki na waumini wenzao. Hapa ndipo jamii yetu ina nguvu isiyotumika. Tunajua kuchangishana kwa harusi na kusafirisha maiti nyumbani. Kikundi kilekile kikipanga Jumamosi zake vizuri, mama mmoja mwenye watoto watano anaweza kupunguziwa mzigo wa miezi. Uliza tawi kiwango kinachoruhusiwa, na hakikisha kila mtu anaandika jina la familia kwenye daftari la mahudhurio. Saa isiyoandikwa haihesabiwi.

Mgongo wangu mbovu, siwezi kazi nzito.

Nenda ReStore. Ni maduka ya Habitat yanayouza samani, milango, makabati ya jikoni na vifaa vya ujenzi vilivyotolewa na watu, kwa bei ya chini. La kwanza lilifunguliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1991. Mapato yanajenga nyumba. Wanahitaji watu wa kupanga bidhaa, kubandika bei, kukaa kaunta. Pia kupika: sufuria ya pilau kwa wajenzi 15 saa sita mchana ni mchango ambao hawatausahau. Mtaarifu msimamizi mapema, na uliza kama kuna wasiokula vyakula fulani.

Naweza kupiga picha?

Kazi yako, ukuta, mbao, wenzako waliokubali: sawa. Familia na watoto wao: omba ruhusa kwanza, na usiandike anwani wala habari za maisha yao. Baadhi ya familia zimekimbia vita au waume wakatili, na picha moja Facebook inaweza kumwonyesha mtu asiyetakiwa walipo. Na hata pasipo hatari hiyo, mtu aliyenunua nyumba yake kwa jasho na marejesho hastahili kuzungushwa mtandaoni na maneno "tumemsaidia maskini huyu".

Siku ya kukabidhi funguo ikoje? Nije na zawadi?

Ni hafla fupi, mara nyingi mlangoni. Kunakuwa na maneno machache, sala, funguo zinatolewa, na familia huzungumza wakitaka. Njoo hata kama ulifanya kazi siku moja tu. Zawadi si lazima; ukitaka, kitu cha jikoni kinafaa. Usiingie vyumba vya ndani mpaka ukaribishwe. Juzi ulikuwa unapaka rangi chumbani humo, leo unabisha hodi.

Na huko nyumbani Afrika Mashariki, Habitat ipo?

Ilianza kazi Kenya mwaka 1982 na Uganda mwaka 1984. Mwaka 2002 mradi wa kila mwaka wa akina Carter ulipelekwa Afrika, na nyumba 100 zilijengwa Durban, Afrika Kusini, kwa wiki moja. Kazi ya huko haifanani na ya hapa: ni matofali, zege, mabati, vyoo na matangi ya maji, na mikopo midogo ya kujenga chumba kwa chumba kadiri familia inavyopata. Ukienda likizo na unataka kusaidia, wasiliana na ofisi ya nchi husika kabla ya kukata tiketi.

Nijiandikishe wapi?

Fungua tovuti ya habitat.org, andika msimbo wa posta wa mtaa wako, na tawi lililo karibu litatokea. Matawi mengi yana kalenda ya siku za ujenzi: unachagua siku, unajaza fomu, unapata barua pepe yenye anwani ya kiwanja. Jumamosi hujaa mapema, lakini katikati ya wiki nafasi zipo, na anayefanya kazi za usiku anaweza kupata humo. Kikundi cha watu kumi au zaidi kipige simu, kisijaze fomu mmoja mmoja. Baadhi ya matawi hukiomba kikundi kichangie fedha za vifaa. Uliza kabla hujawatangazia watu. Fika robo saa kabla ya muda, maana maelezo ya usalama hutolewa mara moja tu asubuhi, na anayeyakosa hapewi nyundo.